Mjusi Mwenye Mawe Tumboni

Mimi si mtu wa kunyamaza. Tangu utoto naambiwa mdomo wangu hauna breki, na sijawahi kubisha, maana ni kweli. Kwa hiyo nikisema siku ile nilikosa neno, mjue sitanii. Nilikuwa nimechuchumaa uani kwa mama yangu, kisiwani Jibondo, jiwe la mtungi nimeligeuza juu chini, na jirani yetu amejishika kichwa kwa mikono miwili anapiga ukelele wa kuita mtaa mzima.

Kisa kilianza na ufa. Mtungi wa mama ulikuwa unavuja, na kwetu maji si kitu cha kuchezea. Yanakuja kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa, huwezi kuyaacha yakanywewa na mchanga. Mimi naishi huko, Kilindoni, ni fundi cherehani, na safari ile nilikuwa nimemletea mama mtungi mpya. Tukamwita jirani atusaidie kuuinua ule wa zamani. Huyu jirani ni shoga wa mama tangu wote wasichana. Nimekua nikimwita mama mdogo, na ua wa makuti unaotenganisha nyumba zetu ulikwisha kutobolewa njia zamani, hakuna aliyehangaika kuuziba.

Chini ya mtungi kulikuwa na jiwe lenye kibonyeo, kitako cha mtungi kilikuwa kinaingia humo sawasawa. Nikaligeuza nilisugue. Kwa nini nililigeuza, mimi? Wakati mwingine najiuliza mpaka leo.

Upande wa chini ulikuwa bapa, na juu ya huo ubapa alikuwa amelala mjusi. Sisemi mchoro wa mjusi. Mjusi wa mifupa, amezama ndani ya jiwe. Uti wa mgongo ulipangika pingili kwa pingili, mbavu zimejikunja, mguu mmoja una vidole virefu vilivyotanuka. Mkia ulianza mnene, umesimama wima kama kasia lililolazwa kwa ubavu, halafu jiwe likaukata. Kichwa hakikuwapo, jiwe lilikuwa limeishia shingoni. Na tumboni, chini ya mbavu, kulikuwa na vijiwe vyeupe vidogo vidogo, laini, vimejazana mahali pamoja.

Mama mdogo hakuangalia mguu wala mkia. Aliangalia vile vijiwe.

"Hizi hapa!" alisema. "Hizi hapa mimba za mkwe wangu!"

Mke wa mwanawe alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, moja baada ya nyingine, na wakati ule alikuwa na ya tatu. Binti mpole, hata salamu yake ilikuwa ya chini chini. Alikuwa akija kwetu kila siku na kata yake kuchota maji ya kunywa, kama walivyofanya nusu ya majirani, kwa sababu mtungi wa mama ulikuwa na sifa ya kupoza.

"Shoga, tulia," mama alimwambia. "Hilo ni jiwe la farumi tu. Marehemu alilitoa chomboni."

Na ndivyo ilivyokuwa. Baba yangu alikuwa nahodha. Farumi ni yale mawe yanayopangwa tumboni mwa chombo kisicho na shehena, kikae kwa utulivu majini kisilale upande. Kuna chombo kilichotoka Bukini, ndivyo wazee wetu wanavyoiita Madagaska, kikapandishwa pwani kwetu kutengenezwa, farumi yake ikamwagwa mchangani. Baba akapita, akaona jiwe lenye kibonyeo kizuri, akasema hili ni la mtungi. Akalibeba begani mpaka nyumbani. Historia yenyewe ndiyo hiyo, wala haina kona. Mama alikuwa hajapata kuliona tumbo lake, maana nani anageuzageuza jiwe lililo chini ya maji ya watu?

Lakini mama mdogo alikuwa hasikii tena. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye tundu la ua, macho hayabanduki kwenye jiwe, akapenya kwao.

Kufika alasiri Jibondo nzima ilikuwa na habari kwamba chini ya mtungi wetu kuna mjusi anayekula mimba. Hakuna aliyekuja kuchota maji. Nilisimama mlangoni nikamwona mwanamke wa nyumba ya tatu anatoka na ndoo aliyokuwa ameijaza kwetu asubuhi, akaimwaga njiani, mbele ya macho yetu, maji ya mashua! Nilitaka kumrukia. Mama akanishika mkono. Aliangalia yale maji yanavyonywewa na mchanga, akaingia ndani.

Jioni ile shehe alikuja. Ni mtu mwema, na aliona haya, nilimwona anavyokizungusha kikombe cha chai bila kunywa. Alisema watu wanataka isomwe Halbadiri Ijumaa baada ya swala. Hii ni dua nzito, inasomwa kumshitakia Mungu mtu aliyekudhuru kwa siri, na kwetu watu wanaamini kwamba ikishasomwa haimwachi mwenye kosa.

"Wasome," mama alijibu. "Mimi sina kosa."

Alisema vizuri, sauti haikutetemeka. Ila vidole vilikuwa vinaruka punje za tasbihi. Nami nilijua kinachomtisha, kwa sababu kilinitisha mimi pia. Mama ana presha ya siku nyingi. Ikisomwa dua ile, halafu wiki inayofuata akaanguka kwa presha yake, watasema imempata. Asipoanguka yeye, ile mimba ikiharibika, watasema mjusi amekula ya tatu. Kokote utakakogeukia, mama yangu alikuwa anaitwa mchawi, na jina hilo halifutiki, unazikwa nalo. Mwanamke aliyewapa watu maji umri wake wote.

Asubuhi yake nilikwenda kwenye tundu la ua nikampa mama mdogo vidonge vyake. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Naye hakunyamaza.

"Wewe hujazaa," aliniambia. "Hujui kumkanda mkwe anayelia usiku kucha amemkumbatia mtoto ambaye hayupo. Sasa yuko ndani, hata maji hanywi. Na akinywa, anatapika. Nikuamini wewe au macho yangu?"

Nilimchukia, na hapo hapo nilimwonea huruma, na sijui lipi lilinichosha zaidi. Mama akaniita kwa ukali. Alisema nikigombana watasema tunajitetea. Basi nikameza, na mimi kumeza si kazi yangu.

Kitu nilichoweza kufanya ni kupiga picha. Nililipiga picha lile jiwe kwa simu, juu, upande, karibu, nikapanda boti ya kwanza kurudi kisiwa kikubwa. Kilindoni kuna mwalimu wa biolojia ninayemshonea magauni yake ya kanisani, mtu wa bara, mcheshi, anazungumza na mimi habari za wanyama hata nikiwa na pini mdomoni. Nilimkuta nyumbani anasahihisha madaftari. Nikampa simu hata kabla ya salamu.

Aliikuza picha kwa vidole. Akaikuza tena.

"Umeipata wapi hii?"

"Mwalimu, niambie ni uchawi au si uchawi. Sina muda wa kushangaa."

Alianza kucheka, kisha akaniona uso. Akaniketisha. Alisema huyo ni mnyama, mnyama wa kweli aliyeishi, akafa, akafunikwa na matope, matope yakawa mawe. Aliishi zamani ambazo hata yale madude makubwa ya kwenye vitabu vya watoto yalikuwa hayajatokea. Ni mtambaazi kama mjusi, ila si mjusi huyu wa dari, na alikuwa kiumbe wa majini. Mkia ule uliosimama ulikuwa wa kuogelea. Watambaazi wa aina yake waliiacha nchi kavu wakarudi majini, na wataalamu bado wanabishana undugu wao na wale wakubwa waliokuja kutawala bahari baadaye. Akaniambia huyu anafanana na mmoja aliyepatikana Madagaska, jina lake Hovasaurus, na ana binamu yake aliyepatikana Tanga, wakamwita kwa jina la mji, Tangasaurus.

"Tanga hii hii?"

"Hii hii."

Nikamshika mikono. Nikamwambia, basi Ijumaa unakuja Jibondo uwaambie. Akakubali hapo hapo, Mungu amlipe. Halafu akasema neno lililonipandisha hasira zote upya.

"Ila nitasema nadhani. Mimi nafundisha sekondari, dada yangu, mifupa ya kale si fani yangu. Nitamtumia picha mwenzangu niliyesoma naye, anashughulika na miamba."

"Mwalimu! Ukisimama mbele ya watu wale useme nadhani, umemmaliza mama yangu!"

"Na nikisema nina hakika, nitakuwa nimesema uongo kwenye kiwanja cha msikiti. Unataka hivyo?"

Sikutaka hivyo. Nilitaka hivyo. Niliondoka nikiwa nachemka, nikashona shati la mtu mikono nyuma mbele.

Jibu la yule mtu wa miamba lilifika Ijumaa asubuhi, tuko pwani tunasubiri boti. Alisema inaelekea ndiye, lakini bila kuliona jiwe kwa macho hawezi kuthibitisha. Inaelekea! Nilitamani kuitupa simu ya watu baharini. Mwalimu akaivuta kwangu taratibu akaitia mkobani.

Tulichelewa. Maji yalikuwa yamekupwa, boti ikakwama mbali na nchi, ikabidi tushuke tutembee kwenye mawe ya pwani, maji magotini. Mwalimu hajui kutembea kwenye miamba ya kwetu. Kiatu kimoja kilikatika, akateleza, akaloa mpaka kifuani. Mimi nilikuwa namvuta kama mbuzi. Nilikuwa naona watu wanatoka msikitini, na moshi wa ubani unaanza kupanda kiwanjani.

Tulipofika, wanaume walikuwa wameketi mikekani, vitabu viko wazi. Wanawake walikuwa kivulini ukutani. Jiwe liliwekwa katikati juu ya gunia, na hakuna aliyelikaribia. Mama alikuwa ameketi peke yake, mkeka mzima peke yake, amejifunika kanga hadi kwenye nyusi. Kwa upande wa pili alikuwa mama mdogo na mkwe wake, binti wa watu amekonda, mkono uko tumboni.

"Shikamooni," mwalimu alisema, maji yanamdondoka.

Waliitika wachache. Shehe aliinua mkono kwa waliokuwa tayari kuanza kusoma. Nikasema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia kwamba huyu ni mwalimu, amesomea wanyama, na anaomba aseme kabla dua haijasomwa.

Mwalimu hakuanza kusema. Aliliona jiwe akasahau watu. Alipiga magoti kwenye gunia, akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo, na mdomo ukamcheza kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. Nikakohoa. Ndipo akageuka akaeleza, na hakueleza vizuri. Alisema mamilioni ya miaka, na mnong'ono ukapita mikekani. Mzee mmoja akaguna waziwazi.

"Mwenyezi Mungu hana haraka," shehe alisema. "Endelea, mwalimu."

Akaendelea. Akasema nadhani. Nililisikia lile neno likidondoka nikafumba macho. Na mama mdogo alilidaka palepale.

"Unadhani? Na hayo mawe tumboni ni ya nini? Nani aliyatia?"

"Aliyameza mwenyewe."

"Mjusi anameza mawe!"

Watu walicheka, kicheko kibaya, cha watu waliokwisha kuamua. Mkwe hakucheka. Alikuwa anamtazama mwalimu tu. Nilimwona mama anainamisha kichwa zaidi, na nilihisi sasa tumekwisha, tungebaki nyumbani ingekuwa afadhali. Mwalimu alikuwa amewiva uso. Alijaribu tena, safari hii akaacha lugha ya darasani.

"Jamani, huyu hakuwa samaki. Alikuwa na mapafu, anapumua kama mimi na nyinyi. Mtu mwenye mapafu yaliyojaa hewa akiingia majini anaelea, au sivyo? Sasa yeye anataka kwenda chini akatafute chakula. Maji yanamsukuma juu, mawimbi yanamlaza upande. Kwa hiyo anameza mawe. Wataalamu wanaona hivyo. Wamepata wengi wa aina yake Madagaska, na wengi wana mawe tumboni, hapo hapo."

Hakuna aliyecheka. Mume wa mama mdogo, baba mkwe wa yule binti, alikuwa amekaa safu ya mbele. Ni fundi wa vyombo vya bahari. Tangu siku ile ya ukelele alikuwa hajasema na mtu, alikuwa anakwenda kazini na kurudi. Akanyanyuka. Mke wake akamwita kwa sauti ya onyo, naye hakugeuka. Alichuchumaa upande wa pili wa gunia.

"Kifua chake kiko wapi?"

Mwalimu akamwonyesha.

"Na mkia unaanzia hapa."

"Ndiyo."

Akaweka kiganja chake juu ya vile vijiwe vyeupe. Watu walivuta pumzi, kiwanja kizima nilikisikia. Akakipima kile kiumbe kwa shubiri, kutoka shingoni mpaka mkiani, kama anavyopima mkuku wa chombo. Akarudia tena. Kisha akainua uso akawatazama mafundi wenzake.

"Farumi," alisema. "Iko chini, na iko nyuma kidogo ya katikati. Ningepakia mimi ningeiweka papo hapo."

Mafundi wengine wawili wakaja, wakainama. Mmoja akasema mjusi amepakia vizuri kuliko fulani. Mwingine akasema tena hajaajiri mtu. Hapo watu wakacheka kweli, kicheko cha Jibondo, wanashikana mabega, na watoto wakaanza kupenya kati ya miguu ya watu wamwone mjusi mwenye farumi. Shehe alifunika kitabu. Akasema tusome Fatiha tumwombee binti yetu Mungu amkamilishie, basi. Nikalia mbele ya kadamnasi, mimi ambaye watu hunijua kwa matusi.

Mama mdogo alivuka kile kiwanja akamwangukia mama magotini. Alilia akaomba radhi kwa maneno yote anayoyajua. Mama akampapasa mgongo. "Yamekwisha, shoga," alisema. "Yamekwisha."

Jiwe likapelekwa wilayani, na kutoka huko likapelekwa Dar es Salaam kwa wanaohusika. Mwalimu alinionyesha siku moja ujumbe wa yule mtu wa miamba, ameliona sasa kwa macho yake, ndiye. Nilimwambia amechelewa. Kule kwetu watu walirudi kuchota maji. Waliokuwa wamemwaga walikuja wa kwanza, na heshima nyingi, shikamoo mbili mbili. Mimi nilifurahi sana. Kilindoni nilikuwa nawasimulia wateja kile kisa huku nacheka, mjusi aliyemtoa mama yangu uchawini.

Binti alijifungua salama hospitalini Kilindoni, mtoto wa kiume. Nilikuwa nikimpelekea uji wodini. Arobaini ilipotimia nilikwenda Jibondo, na siku ile ile mama mdogo akaja na mkwe wake kumtembeza mtoto. Kwetu ndiko walikoanza. Mtoto alikuwa amepakwa wanja, amenona, mikono ina vishimo. Mama mdogo akamnyoosha kwa mama.

"Shoga, mpokee mjukuu wako."

"Mashallah," mama alisema. "Mungu amkuze." Mikono yake ilikuwa ndani ya kanga.

"Mpokee basi."

"Nimetoka kuparua samaki, nitamtia harufu."

Mkwe alimtazama mama, kisha akainamisha macho. Walikaa kidogo, wakanywa chai, wakaaga. Tulipobaki wawili nikamgeukia.

"Mama, samaki gani? Leo tumekula maharage."

Alikuwa anakusanya vikombe. Akaviweka chini, akatazama lile tundu la ua walikopitia.

"Yule mtoto atakohoa," alisema. "Hakuna mtoto asiyekohoa. Siku hiyo nitampata wapi mjusi mwingine wa kunitetea?"